Ufa Uliozibwa kwa Sandarusi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua likiwa utosini na barabara nyeupe mbele yangu kuelekea Kinjumbi, nilipomwamkia kwa mzaha mtu niliyeamini hayupo. Nusura nimuue mtu aliyekuwepo. Habari hii nimeibeba kifuani miaka mingi, hata bibi yenu nilimsimulia nusu yake tu. Leo umekuja na gari lako, nami nimeona kioo cha mbele kimepasuka kutoka pembeni hadi usawa wa uso wako, na juu ya ufa umebandika karatasi ya matangazo. Nimekuuliza, ukanijibu, "Babu, naona vizuri tu, nimeshakizoea." Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi wa mchana. Kaa basi, chai bado ya moto.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, dereva wa lori la tajiri mmoja wa Lindi, Bwana Akbarali, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa. Siku hizo dereva alikuwa mtu! Nilivaa kofia upande, na nikipita Mingoyo nilipiga honi hata pasipo na kuku barabarani, ili tu wasichana wageuke. Usicheke. Wewe unayo yako, nami siyaulizi.

Siku moja natoka huko Mingoyo nikakuta lori jingine mbele yangu, linatimua vumbi. Mkaguzi wa magari alikuwa ametufundisha kwa mdomo wake, wala si mara moja: acha nafasi, usiingie katika vumbi la mwenzako. Mimi nikaingia. Nilitaka kumpita nifike mjini wa kwanza. Tairi la lori lile likarusha jiwe, likagonga kioo changu, na ufa ukapanda kutoka chini hadi mbele ya macho yangu.

Sheria ilikuwa wazi. Kioo chenye ufa mbele ya dereva, gari halitembei. Bwana Akbarali akalizunguka lori mara mbili, akanitazama juu ya miwani yake.

"Kioo kinaagizwa Dar es Salaam, kinakuja kwa meli," akasema. "Ulikuwa unafukuza vumbi, kosa ni lako. Lakini mimi si mtu mbaya. Nusu yangu, nusu yako."

Mwanangu, mtu akikwambia hivyo, busu mkono wake. Mimi nilinuna. Nusu yangu ilikuwa mshahara wa mwezi mzima, nami nilikuwa nakusanya mahari ya bibi yenu, siku ya harusi imekwisha kutajwa. Nikamwambia, "Tajiri, niachie, nitakitengeneza mwenyewe." Akainua mabega. "Shauri yako. Mkaguzi akilikataa lori, wewe na lori mtalala pamoja."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikajiona mtoto msikivu wa wahenga. Nikaamua kuziba. Pale Lindi maseremala walikuwa wakipaka makabati yao rangi ya sandarusi, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka jiwe ardhini. Ukiiyeyusha motoni hung'aa kama asali, na ikikauka huwezi kuitofautisha na kioo. Ukiichoma hunukia ubani. Na mahali inapochimbwa nilipajua, kwa sababu kila Jumatano ya kiangazi nilikuwa nashusha mizigo Kilwa asubuhi, kisha naendelea peke yangu kaskazini hadi Kinjumbi, ambako wapakizi walinisubiri na magunia ya ufuta. Kabla ya kufika Kinjumbi palikuwa na kona iliyoitwa Kona ya Mashimo. Hapo mjane mmoja wa Kimatumbi, Bi Somoe, alikuwa anachimba sandarusi.

Safari moja, siku ya ukaguzi haijafika, nikasimamisha lori hapo nikamwamkia. Alikuwa amekaa mbele ya ungo, anakwangua udongo kwenye vipande. Kimoja alikuwa amekiweka kando peke yake juu ya jani, safi kuliko vyote.

"Hicho bei gani, bibi?"

"Hicho hakiuzwi. Kina mwenyewe." Akakiinua juani. Ndani yake mlikuwa na mdudu, mwembamba, wa miguu mirefu, na mguu mmoja ameuinua juu. "Huyu amekaa humu tangu kabla ya babu zetu. Vya namna hii sisi huvirudisha shimoni na unga kidogo, tukaomba radhi."

Nikacheka kimoyomoyo. Watu wa bara na mambo yao! Akainuka kwenda kuchukua mizani kibandani. Alipogeuka, kile kipande kikaingia mfukoni mwangu, na aliporudi nikamwambia nimeghairi, sinunui tena. Kitu cha kutupwa shimoni, nilijiambia, si wizi.

Nilipokuwa napanda lori akaniuliza, "Sandarusi ulikuwa waitakia nini, dereva?"

"Kuziba ufa wa kioo, bibi."

Akatikisa kichwa. "Sandarusi ni ya kufukizia, mjukuu wangu. Si ya kutazamia."

Nikamwacha na maneno yake. Huko Kinjumbi nikaiyeyusha katika kopo, nikaitiririsha ndani ya ufa, nikakwangua ziada kwa wembe. Yule mdudu hakuyeyuka. Alinasa mwisho wa ufa, mbele kidogo ya macho yangu, mdogo mno, nami sikumjali. Asubuhi niliyopeleka lori kwa mkaguzi kulikuwa na mawingu. Akapitisha kiganja juu ya kioo, akagonga muhuri, nikatoka napiga mluzi.

Jumatano iliyofuata nilikuwa tena katika njia ile ile ya kaskazini, naelekea Kinjumbi. Ilikuwa saa sita imepita kidogo. Kiangazi chetu, unajua, jua la mchana huegemea upande wa kaskazini, kwa hiyo lilikuwa mbele yangu. Kwanza ilikuja harufu. Kioo kilipata moto, sandarusi ikaanza kunukia, na chumba cha dereva kikajaa ule ubani unaofukizwa maiti anapooshwa. Nikafungua dirisha, harufu haikutoka. Nikaingia Kona ya Mashimo, na katikati ya barabara alikuwa amesimama mtu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa nguo nyeusi, mkono mmoja ameuinua juu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori likayumba upande, likasimama. Vumbi likanipita, likatulia. Hakuna mtu. Nikashuka, nikatazama chini ya lori, nikatazama mashimoni. Hata kibanda cha Bi Somoe kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda kwao Kibata kumzika ndugu yake, nilikuja kuambiwa. Barabarani hakukuwa na nyayo za mtu, ila alama za matairi yangu. Hata ndege hawakulia. Nakwambia ukweli, niliogopa. Niliendesha hadi Kinjumbi nikisoma kila sura niliyofundishwa chuoni, na zile nisizozijua vizuri nilizichanganya.

Jumatano ya pili, hivyo hivyo. Harufu, kona, mtu, breki, hakuna mtu. Ya tatu nikaja na akili. Nikasimama mbali kabla ya kona, nikasogeza kichwa kushoto, nikasogeza kulia, na yule mtu akasogea nami. Nikaweka kidole juu ya kioo. Chini ya kidole alikuwa mdudu wangu, na mguu wake mmoja juu! Nilicheka hadi machozi, mwanangu. Dereva mzima anatetemeshwa na sisimizi! Sikujiuliza kwa nini mdudu yule, aliyekuwa kwenye kioo changu njia nzima toka Lindi, nimwone pale kona tu.

Tangu siku hiyo nikaacha kufunga breki. Mara ya kwanza mguu ulikuwa mzito, ulitaka breki wenyewe, nikaukataza. Nikapita katikati ya yule mtu na hakuna kilichotokea. Mara ya pili mguu ulitii. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha mzoea, nikamfanyia na mzaha. Nilipofika kona nikaongeza mwendo, nikainua kofia, nikasema kwa sauti, kana kwamba namwamkia kizee, "Shikamoo, bibi!" halafu nikacheka na kupita. Mazoea yana tabu, walisema. Mimi nilidhani tabu yenyewe ni ya watu wengine.

Basi Jumatano hiyo ninayokwambia, joto lilikuwa kali na harufu ilikuwa nzito kuliko siku zote. Nikaingia kona. Amesimama. Mkono juu. Safari hii alikuwa na kitu kichwani, kama gunia dogo, nami niliona, nisikudanganye, niliona vizuri kwamba siku nyingine hakuwa na gunia. Akili ikasema kitu, mguu haukusikia. Nikainua kofia.

"Shikamoo, bibi!"

Na kile kivuli kikafungua kinywa.

Sikusikia neno. Nilisikia madigadi ikigonga, kishindo kidogo tu, kisha kioo chote cha mbele kikaachia pale penye ufa na kuniangukia mapajani vipande vipande. Lori lilikwenda hatua nyingi ndipo likasimama. Nikarudi mbio. Alikuwa amelala pembeni mwa barabara, sandarusi zimemwagika zikimeta juani, na paja lake limekaa vibaya. Alikuwa Bi Somoe.

Macho yake yalikuwa wazi. Nilidhani atanilaani. Akaniuliza neno moja tu, kwa sauti ndogo.

"Uliniona?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi duniani, na wazungu, na mahakimu, na bibi yenu. Hakuna lililonikata kama hilo. Nikambeba, alikuwa mwepesi, nikamweka kando ya kiti changu na kulifunga paja lake kwa kilemba chake na kipande cha ubao. Damu ilikuwa inatoka, midomo yake inaanza kuwa kijivu. Hospitali ilikuwa Kilwa, nyuma nilikotoka. Barabara ilikuwa nyembamba, ikabidi nisogee mbele hadi penye uwazi ndipo nigeuze lori. Kila dakika niliihesabu kwa pumzi zake.

Tulipogeuka akasema, macho yamefumba, "Jumatano tatu nimesimama pale nikupungie, unichukue mimi na gunia langu hadi Kinjumbi. Jumatano tatu wanitazama usoni, wapita; ya mwisho wacheka, midomo yacheza. Nikasema leo nitasimama katikati, mtoto wa watu hawezi kunipita."

"Bibi, na kabla ya hizo tatu? Zile za mwanzo?"

"Kabla ya hizo nilikuwa Kibata msibani."

Basi zile za mwanzo hakuwa yeye niliyemwona. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, kioo hakipo, harufu hakuna, jua sasa liko nyuma yetu. Tukaikaribia Kona ya Mashimo kutoka upande wa pili. Na katikati ya barabara alikuwa amesimama mtu, mwembamba, mrefu, mkono mmoja juu.

Hapakuwa na kioo, mwanangu. Hapakuwa na ufa wala mdudu. Ni mimi na barabara tu. Nikasema labda ni macho yangu, damu na hofu. Ndipo nikasikia Bi Somoe kando yangu, amefumbua macho, anatazama mbele.

"Simama, mjukuu wangu. Kuna mtu."

"Bibi, tukisimama utakufa."

"Simama."

Yule mgonjwa alikuwa na haki ya kila dakika, nami nilikuwa nimemnyang'anya za kutosha. Lakini nilifunga breki. Nilisimama mbali, nikazima injini. Yule mtu hakuondoka. Hakusogea. Sura yake siwezi kukueleza, kwa sababu pale palipopaswa kuwa na sura mwanga ulikuwa unapita, wa njano. Bi Somoe akapumua kwa shida, akasema, "Mrudishie chake."

Nikajua mara moja. Nikapekua vile vipande vilivyosalia juu ya kiti, vikanikata vidole, nikakipata kipande cha sandarusi kilichoshika ncha ya ufa, mdudu yumo. Nikashuka. Sikumkaribia, nilikwenda kando, kwenye shimo la karibu, nikakiweka ndani, nikafukia kwa mikono yenye damu. Unga sikuwa nao. Nikaomba radhi kwa maneno niliyokuwa nayo. Nilipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu na kunguru mmoja analia.

Bi Somoe hakufa. Mganga mkuu alisema tungechelewa zaidi kidogo tu, tungekuwa na jambo jingine. Mimi nikaenda moja kwa moja polisi, kama sheria inavyotaka, nikiwa na damu yake kwenye shati. Koplo aliyekuwa zamu alinijua, tulikuwa tunakunywa kahawa pamoja. Akachukua kalamu akaniuliza polepole, huku akinikonyeza, "Jua lilikuwa usoni, siyo? Hukumwona."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi na imefagiliwa. Leseni yangu, kazi yangu, harusi yangu, vyote vilikuwa upande ule. Lakini kulikuwa na mtu aliyekwisha kuniuliza swali hilo hilo, nami sikuwa nimemjibu.

"Nilimwona, afande," nikasema. "Nilimwona toka mbali, na sikufunga breki."

Akaweka kalamu chini. Kisha akaishika tena akaandika. Nilinyang'anywa leseni mwaka mzima. Kioo nilikilipa chote, safari hii hakuna nusu ya mtu, na gharama za hospitali juu yake. Harusi ikasogea hadi kiangazi cha pili. Bibi yenu alinisubiri, Mungu amlaze pema, ingawa alinikumbusha kila tulipogombana.

Bi Somoe alipotoka hospitali nilikwenda kwake kwa miguu, nimebeba mchele na kanga. Alikuwa amekaa mkekani, gongo kando yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, likavunjika guu la mkuu mwenyewe, na mimi nikatembea na miguu yangu miwili mizima hadi mlangoni pake. Hiyo ndiyo iliyoniliza pale nje. Nikapiga hodi, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Marahaba. Leo umesimama."

Nikamjibu lile swali lake. Nikamwambia, "Nilikuona, bibi. Kila mara nilikuona." Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha mahali pa kukaa.

Basi sikia, mwanangu. Ukipasua kioo, kibadilishe, hata kama bei yake inakula akiba ya jambo unalolipenda. Sheria ya kioo haikuwekwa ili kumkomoa dereva. Iliwekwa kwa ajili ya yule aliye upande wa pili, ambaye hana lori wala muhuri wa mkaguzi, ana mkono wake tu. Acha nafasi, usiingie vumbi la mwenzako. Cha mtu, hata kama kwako ni takataka, usikitie mfukoni. Na kubwa kuliko yote, ukionywa ukakuta hakuna kitu, shukuru, na kesho ukionywa tena simama tena. Mimi nilionywa kila Jumatano. Sijui alikuwa nani aliyesimama pale, wala sitaki kujua. Najua tu kwamba alinisimamisha mara mbili nikiwa na hofu, na nilipoacha kuogopa ndipo nilipomgonga mtu. Siku hizi nikipita kona ile ndani ya basi mchana, huinua kofia na kusema shikamoo kimoyomoyo. Sijajibiwa.

Sasa niwekee funguo za gari hapo mezani. Usiku huu utalala hapa, na kesho twende wote kwa fundi, na hicho kioo nusu yangu, nusu yako. Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyozoea, na mguu mwepesi wa breki. Akufikishe uendako, na kila utakayemkuta barabarani naye amfikishe kwao mzima. Amina.